Nimeingia hekalu la Wahindu kwa ajili ya masomo: je, nimekufuru?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nasomea usanifu majengo Chennai, India. Chuo kilitupeleka Thanjavur kupima hekalu la Brihadisvara, tukashinda humo. Mwenzangu wa chumbani anasema nimekufuru, nitamke shahada upya. Kampigia hata mama Mombasa, na sasa mama hapokei simu zangu.

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Hujakufuru. Shika hilo kwanza, upate kulala.

Kuingia penye masanamu wanazuoni wamekhitilafiana. Sayyidna Umar aliyakwepa makanisa kwa ajili ya sanamu zilizomo. Wapo waliokirihisha, wapo walioharamisha, na miongoni mwa Mahanbali, wafuasi wa madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal, wapo walioruhusu. Mwenzako akishika kauli kali kwa nafsi yake, hatumlaumu. Lakini kukutoa katika Uislamu kwa kupima ukuta, hilo kalitoa wapi? Wenye fikra hizo hupenda hadithi ya kutoingia makazi ya Thamud ila kwa kulia. Hadithi ni sahihi, ila inahusu kaumu iliyoangamizwa, na hata anayeingia bila kulia haikumwita kafiri. Waliyoisahau ni ile nyingine: anayemwita nduguye kafiri, neno humrudia mmoja wao. Kisha akampigia mzazi wako! Huo ni umbea uliovishwa kanzu.

Hekalu hilo Mfalme Rajaraja wa Chola alilikamilisha 1010. Zama hizohizo Al-Biruni, Muislamu mwenzetu, alijifunza Kisanskriti, akaeleza ibada za Wahindu kama wenyewe wanavyozieleza. Basi pima mnara wako wa matale, zaidi ya mita 60. Soma maandishi ya ukutani yanayotaja zawadi za mfalme na wanawake 400 wachezaji wa hekalu, kila mmoja kwa jina. (Ile habari kwamba kivuli cha mnara hakigusi ardhi ni porojo za watembeza watalii. Simama pale alasiri.)

Ila wakimimina maziwa juu ya linga, ile nguzo ya jiwe wanayoiabudu kwa jina la mungu wao Shiva, wewe kaa kando. Jivu la kupaka usoni na chakula kilichotolewa kwa sanamu, kataa kwa adabu. Sikukuu zao usiende. Wala usiwatukanie miungu yao. Qur'ani 6:108 imekataza.

Sasa mama. Kaambiwa mwanawe karitadi ugenini, ulitaka afanyeje? Usimpelekee dalili, wala jibu hili. Mpelekee ujumbe wa sauti, umsalimie, umwambie umeswali na umekula nini. Asipojibu, mtume shangazi au bibi aende nyumbani kwake, na mimi niko tayari kuzungumza naye, mzazi kwa mzazi. Na huyo wa chumbani usimnunie: mtolee salamu asubuhi, mnapika jiko moja.