Baridi yabisi kwenye ukoo: kabla hujaenda kupima jeni, ulizia kwanza majibu ya damu ya mama

Dada pole, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Nimesoma ulivyoandika, mama ana baridi yabisi, mama mdogo naye anayo, mtoto wa kaka yako wa miaka minne goti limevimba wameambiwa ni ugonjwa wa viungo wa watoto, na wewe sasa unataka ukapime jeni ujue kama na wewe utaupata. Mimi naishi na huu ugonjwa miaka mingi, mama yangu alikuwa nao na mdogo wangu wa kike anao, kwa hiyo hili swali limekaa nyumbani kwetu muda mrefu na nimelifuatilia sana, nitaandika kirefu kidogo uvumilie.

Kabla ya yote ulizia karatasi za vipimo vya mama na mama mdogo. Tafuta palipoandikwa anti-CCP na palipoandikwa RF, hizo ni kingamwili zinazopimwa kwenye damu, uone ni chanya (zipo) au hasi (hazipo). Nasema hivi kwa sababu watu wanaongea kama vile baridi yabisi ni kitu kimoja, wakati walio chanya na walio hasi kwenye hizo kingamwili wana njia mbili tofauti za kufika kwenye maumivu yanayofanana, na urithi unahusika sana kwenye moja kuliko nyingine. Kule Sweden walifuatilia koo nyingi sana kwa kutumia rejista zao za taifa wakakuta kwa walio chanya karibu 50% ya tofauti kati ya watu inaelezwa na urithi, kwa walio hasi ni kama 20% tu. Sasa tafadhali usiisome hiyo 50% kwamba wewe una nusu kwa nusu ya kuugua, hapana kabisa, hiyo ni hesabu ya jamii nzima sio ya mtu mmoja. Ya mtu mmoja iko hivi: watu wazima wenye huu ugonjwa ni kama 1 kati ya 100 au pungufu, ukiwa na mzazi au ndugu wa damu anayeumwa inapanda kama mara tatu, yaani bado wengi sana kati yenu hamtaugua.

Kwetu mimi ni chanya, tena kwa kiwango cha juu, na mama alikuwa chanya. Mdogo wangu ni hasi kwenye vyote viwili, RF na anti-CCP, na vidole vyake vilivimba vile vile kama vyangu. Kuna wakati tuliingizwa kwenye utafiti ndugu wote tukapimwa aina ya HLA, yaani jeni zinazohusika na kinga ya mwili, na kilichotoka kilitushangaza wote: mimi nina ile jeni ya hatari pande mbili, maana yake moja nimepewa na mama na nyingine nimepewa na BABA ambaye hajawahi kuumwa hata kidole. Kaka yetu naye anazo zote mbili kama mimi na mpaka leo viungo vyake ni vizima kabisa. Halafu mdogo wangu anayeumwa hana hata moja! Tangu siku hiyo nikimsikia mtu anasema ugonjwa umetoka upande wa mama huwa namwambia ngoja kwanza.

Hiyo jeni yenyewe inaitwa HLA-DRB1, iko kromosomu ya 6, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kazi ya protini yake ni kushika vipande vya protini nyingine na kuvionyesha kwa seli za kinga ziamue hiki ni cha mwilini au ni mgeni, ifikirie kama kiganja kinachoshika kitu. Mwaka 1987 mtafiti Gregersen na wenzake walionyesha kwamba aina za hatari, ingawa zina majina tofauti, zinafanana kwenye sehemu moja fupi, asidi amino (vijenzi vya protini) za namba 70 mpaka 74. Aina kama 04:01, 04:04, 04:05, 01:01 na 10:01 zote zina kipande hicho. Baadaye 2012 ikaonekana namba 11 nayo ina uzito mkubwa, pamoja na 71 na 74. Umbo la hicho kiganja linashika vizuri protini ambazo ajinini yake (moja ya asidi amino) imegeuzwa kuwa sitrulini, na anti-CCP ni kingamwili dhidi ya hizo hizo protini zilizogeuzwa, ndio maana hii jeni inaenda sana na walio chanya. Kwa walio hasi uhusiano wake ni mdogo mno, kwao inaonekana zaidi aina nyingine ya DRB1, ile ya 03, nayo haina nguvu kubwa.

Hapa ndipo sigara inapoingia na naomba mnaosoma mkiwa mnavuta msiruke. Moshi unachochea huko huko kwenye mapafu ajinini kugeuzwa sitrulini, sasa kwa mtu mwenye kiganja kinachozishika vizuri unakuwa umempelekea mzigo mlangoni. Mtafiti Klareskog na wenzake walipima Sweden mwaka 2006, mvutaji mwenye jeni hizo pande mbili alikuwa na hatari mara 21 ya kupata baridi yabisi chanya ukimlinganisha na asiyevuta asiye nazo. Kwa ugonjwa hasi huo mchanganyiko haukuonekana. Kaka yangu alikuwa mvutaji, nilipomkalisha chini nikamweleza hii aliacha, na mimi nashukuru kila siku maana hiyo ni hatari unayoweza kuipunguza kwa maamuzi yako, jeni huwezi kubadilisha.

Na jeni si hatima dada. Angalia mapacha wa kufanana, jeni zao ni zile zile, mmoja akiugua mwenzake anaugua kama mara 15 tu kati ya 100. Kwa mapacha wasiofanana ni kama 4. Kwa hiyo urithi upo, ila kitu kikubwa kinabaki nje ya jeni.

Jeni nyingine zipo nyingi, utafiti mkubwa wa 2014 wa watu zaidi ya laki moja ulifikisha sehemu 101 za jeni zinazohusiana na ugonjwa na wa 2022 ukafikisha 124, lakini kila moja mchango wake ni kidogo. Mfano PTPN22 iliyopatikana 2004, ni ya pili kwa nguvu kwa watu wenye asili ya Ulaya, inaenda na walio chanya, ila kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia ya mashariki lile badiliko karibu halipo kabisa. PADI4, inayotengeneza kimeng'enya cha hiyo hiyo kazi ya kugeuza ajinini, ilitokea Japani 2003. Hivyo hesabu ya hatari iliyotengenezwa kwa watu wa asili moja usiichukue nzima nzima kwa wengine.

Kuhusu walio hasi niongeze kidogo kwa sababu mdogo wangu amezungushwa sana. Hilo kundi ni mchanganyiko, ndani yake kuna ambao baadaye inagundulika ni ugonjwa wa viungo unaoendana na soriasisi (ugonjwa wa ngozi) au ule wa uti wa mgongo unaohusiana na jeni nyingine ya HLA, iitwayo HLA-B27. Kama mama mdogo ni hasi basi ulizia kama kuna mtu kwenye ukoo mwenye mabaka ya ngozi yenye magamba, kucha zenye vishimo, au mgongo unaokaza usiku. Hayo yanaweza kubadilisha hata dawa.

Mtoto wa kaka yako sasa. Mtoto mdogo, goti moja, hiyo mara nyingi ni aina ya viungo vichache na kijenetiki iko mbali na ya bibi yake, huko aina inayoonekana ni DRB1 ya 08. Inayofanana kijeni na ya watu wazima ni ile ya viungo vingi yenye RF chanya, ambayo kwa watoto ni kama 5% tu na huwapata zaidi mabinti wakubwa wakubwa. Ila mwambieni kaka asikose kumpeleka mtoto kwa daktari wa MACHO, hasa kama kipimo cha ANA (kingamwili nyingine ya damu) ni chanya, kwa sababu hiyo aina huleta uvimbe ndani ya jicho kimya kimya bila maumivu wala wekundu na inaweza kuharibu uwezo wa kuona. Hili msilichelewe.

Kwako wewe kupima HLA sikushauri, ikitoka ipo utakosa usingizi wakati watu wengi wasioumwa wanayo, ikitoka haipo utajiona umepona kumbe mdogo wangu hana na anaumwa. Chenye maana kwako ni dalili: vidole kukaza asubuhi zaidi ya nusu saa, kuvimba kwenye vifundo vya vidole pande zote mbili, maumivu mtu akikubana kiganja kama anakusalimia. Ukiona hayo nenda ukapimwe anti-CCP, RF, na vipimo vya damu vya uvimbe mwilini, ESR na CRP, anti-CCP inaweza kuwepo kwenye damu miaka kadhaa kabla ya kuvimba. RF peke yake isikutishe, wazee wasioumwa na wenye homa ya ini C wanaweza kuwa nayo. Na ukishavimba jitahidi umwone bingwa wa viungo na kuanza dawa kama methotreksati ndani ya wiki 12, hapo ndipo viungo vinaokolewa.

Kwa wenye kingamwili na maumivu bila kuvimba, majaribio mawili ya abatasepti, dawa ya kutuliza kinga, yalitolewa 2024, yalipunguza walioingia kwenye ugonjwa wakati wanatumia dawa, ingawa walipoacha tofauti ikaanza kupungua.

Ukipata zile karatasi za mama na mama mdogo ficha majina uandike hapa majibu, tutayasoma pamoja.