Ramani ya kijani haimaanishi hewa ya kwako ni safi

SWALI: Naishi Kasulu, Kigoma. Kila Agosti mapori yakianza kuchomwa mwanangu mwenye pumu anakohoa usiku kucha. Nipo kwenye grupu la WhatsApp nalipia kila mwezi, wanatuma ramani ya moshi "laivu kutoka setilaiti". Wiki nzima kwetu wameonyesha kijani, wanasema moshi uko Congo, ila mtoto anazidi kubanwa. Huu ni moshi au vumbi?

JIBU: Pole sana mama kwa kuuguza. Kwanza hiyo hela acha kulipa leo hii. Ramani za moto za NASA, FIRMS, ni za bure, na picha za kila siku zipo kwenye tovuti yao ya Worldview bure pia, mtu anapiga skrinshoti anawauzia. Na hilo neno "laivu" ndo linaniumiza zaidi maana nakutana nalo kila kiangazi. Setilaiti zenye kifaa cha VIIRS, kinachotambua joto la moto toka angani, ambazo ndo tunazitegemea kwa moto mdogo, zinapita kwenu kama saa 8 na nusu mchana na saa 8 na nusu usiku, basi. Sasa jiulize majani huko yanawashwa saa ngapi? Mtu anatia kiberiti saa 11 jioni jua limepoa, saa 3 usiku pameshateketea, setilaiti inafika inakuta majivu. Kitone chekundu cha kuonyesha moto kwenye ramani hakuna, na nyie mnaambiwa shwari.

Halafu hiyo rangi ya moshi. Kinachopimwa ni jinsi mwanga wa jua unavyozuiwa kutoka juu kabisa mpaka ardhini, hewa yote inajumlishwa pamoja, kwahiyo usiku hakipimwi kitu na penye wingu hakipimwi kitu. Usiku wa kiangazi hewa ya baridi inatuama mabondeni na moshi unalala nayo humo humo mpaka jua la asubuhi lipashe ardhi ndo unapanda. Saa anazobanwa mwanao ndo saa ambazo hicho kipimo hakipo kabisa! Na kinyume chake kipo pia, moshi wa Angola, Zambia na kusini mwa Congo Agosti na Septemba unapaa juu sana na kuelea mpaka Atlantiki, kwenye picha unatisha, lakini chini yake hewa inaweza kuwa safi.

Kuhusu Congo, kiangazi upepo wa kusi unavuma toka kusini mashariki, kwa kawaida moshi wao unaenda mbali na nyie. Anzeni kutazama mapori ya upande wetu.

Moshi au vumbi? Kwenye picha ya kawaida moshi ni kijivu cha kubluu na una mkia unaoanzia kwenye moto, vumbi lina rangi ya udongo. Tukibabaika tunaangalia gesi ya kaboni monoksidi inayopimwa na setilaiti ya Sentinel-5P, moto unaitoa, vumbi haliitoi. Ila pikseli yake, yaani kipande kimoja cha picha, ni kilomita kadhaa, moshi mdogo wa karibu na kwako unaweza usionekane humo. Kwa mtoto fuata pua yako: jioni ukisikia harufu ya majani yanaungua funga madirisha, jiko la mkaa litoke nje, dawa ya kuvuta iwe karibu, na kama anabanwa kila usiku mrudishe kwa daktari, ramani isikucheleweshe.

Na nyie wengine mnaosambaza hizi picha, kitone chekundu ni joto tu. Volkano ya Nyamulagira kule Kivu, Congo, inaweza kuwatolea vitone vya lava, mtu anaandika "pori linaungua" na watu wanaanza kupigiana simu. Kitone cha MODIS, kifaa kingine cha setilaiti, kinasimamia eneo la kilomita 1 kwa 1, cha VIIRS mita 375, moto wenyewe unaweza kuwa shamba moja tu. Tena ramani nyingi za rangi zinazotembea kwenye simu ni utabiri wa kompyuta, wala sio picha. Anayekutumia muulize imepigwa saa ngapi na kifaa gani, akishindwa kujibu usiifowadi.