Ugali Uingereza upo, swali ni unaununua kwa nani

Haya jamani, kwa vile haipiti wiki bila mtu kuniuliza, na juzi binti wa shangazi kapata viza ya kuja kusoma akanitumia orodha ya vitu anavyotaka kupaki, kilo kumi za sembe zikiwa namba moja, wacha niwajibu wote kwa mpigo. Mnauliza huko Uingereza mnakula nini, ugali mnaupata au ndo mmeshakuwa watu wa mkate na viazi. Wengine mnauliza kwa kejeli kabisa, nimeona, sina neno.

Karibu kila kitu kipo. Nikisema hivo mnafikiri najitetea ila ndo ukweli, isipokuwa hakipo pale utakapokwenda kukitafuta kwanza. Mgeni akifika anaingia supamaketi kubwa, anazunguka saa nzima, anatoka na tambi na mayai, anapiga simu nyumbani analia kwamba huku hakuna chakula. Supamaketi ya Wazungu inauza chakula cha Wazungu, mlitegemea nini? Cha kwenu kiko kwa wahamiaji wenzio, na kila kabila la wahamiaji limeshika kipande chake, lazima ujue nani ana nini.

Tuanze na unga maana najua hapo ndo roho zenu zilipo. Supamaketi utakuta unga wa njano wenye punje kama mchanga, ule ni wa Waitaliano, unasongeka ndiyo lakini wewe na njano mnajuana. Halafu kuna kipaketi cheupe, laini, kimeandikwa cornflour, hicho kimewaliza wengi! Ule ni wanga mtupu wa kufanya mchuzi uwe mzito, ukiusonga unapata gundi ya kubandikia mabango. Na ukienda maduka ya Wakaribi unakuta unga mweupe wa aina ya Venezuela, unafurahi, kumbe ule ulishapikwa kiwandani kabla ya kusagwa, ni wa kutengenezea mikate ya Wavenezuela, ukiutia maji ya moto unashikana fasta ila ladha ya ugali huioni. Ukitaka unga mtafute Mzimbabwe. Wale na sadza yao, yaani ugali wao, hawana mchezo, na wako wengi huku, kwa hiyo palipo na Wazimbabwe hapakosi duka lenye sembe nyeupe ya Afrika Kusini, safi kabisa, ya kilo mbili mpaka kumi. Sasa binti anataka kubeba kilo kumi kwenye begi la kilo 23, nguo za baridi ataziweka wapi?

Mimi niko Leicester, na hapa nina bahati ambayo aliyepo kijiji cha Scotland hana. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 wafungashe, na maelfu wakakimbilia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ikatoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huku mji umejaa, wakaja vilevile, na leo Barabara ya Belgrave ni maduka yao mwanzo mwisho. Faida yake kwetu ni kwamba wale watu walikulia chakula chetu. Mihogo wanaijua, wanaiita mogo, wanaikaanga na pilipili na ndimu kama uko Forodhani. Unga wa wimbi upo, wao wanauita ragi, mtama ni juwar, uwele ni bajra, kwa hiyo uji wa mtoto hauna shida. Mbaazi, choroko, kunde, iliki, mdalasini, binzari, vyote, tena kwa bei nzuri kuliko chupa zile ndogo za supamaketi. Kuna mzee mmoja wa duka hapa karibu, nikiingia ananisalimia kwa Kiswahili cha Kampala, ananiuliza "leo iko taka nini", nami namwamkia shikamoo, anacheka mpaka anakohoa. Basi usinibebee iliki, jamani, iliki ninayo.

Maharage rahisi, yale yenye madoadoa tuliyozoea yapo, huku yanaitwa borlotti, makavu na ya kopo. Mchele basmati kila mahali, pilau linapikika. Nazi ya kopo inatoka Thailand, ni nzito, unaiongeza maji, na mtu wa Pwani atakwambia wali wake hauna harufu, na kweli hauna, ila utakula.

Mboga za majani ndo zinataka akili kidogo. Sukuma wiki ile yenyewe hupati kirahisi lakini Waingereza wana majani yao wanaita spring greens, ni ndugu wa karibu kabisa, ukiyakatakata membamba ukayakaanga na kitunguu na nyanya hakuna atakayejua. Usichukue yale yaliyojikunja kama nywele zisizochanwa, hayo ni magumu, yanataka kuchemshwa mpaka uchoke. Mchicha uko kwa Wabangladeshi, mwekundu na wa kijani, mabua marefu, unauchambua kama nyumbani. Kisamvu kiko kwenye friza la Wakongo, kimeshatwangwa, na hapa nawaonya: kutwangwa siyo kupikwa, kisamvu kina sumu yake, kichemshe vizuri kwa muda mrefu ndo utie nazi na karanga. Mlenda nenda kwa Waarabu! Nilicheka sana siku niliyojua, wanayo molokhia ya friza, imekatwakatwa, inateleza ileile, weka magadi kidogo na nyanya, kwisha habari. Bamia zipo kwa Waturuki na Wahindi wote.

Na maziwa mgando, hili watu hawaamini, nenda kwa Wapolandi. Tangu nchi yao iingie Umoja wa Ulaya mwaka 2004 walikuja wengi sana na maduka yao yako mpaka miji midogo ambayo hakuna Mwafrika hata mmoja. Wanauza maziwa yaliyoganda kwenye vikopo, machachu vizuri, unakula na ugali wako unasahau kama nje kunanyesha. Yaani mtu wa ng'ombe kutoka kwetu akihamia huku rafiki yake wa kwanza awe Mpolandi.

Nyama siyo tatizo, wachinjaji Waislamu wapo, mbuzi wapo, ila uliza vizuri maana mara nyingine unauziwa kondoo mzee ukiambiwa ni mbuzi. Makongoro na utumbo utapata kwa Wanaijeria na Wajamaika, utumbo umeoshwa mpaka umekuwa mweupe kama karatasi, hauna harufu wala hauna utamu, mimi huo nimeuacha. Kuku wa kawaida ni laini, anavunjika sufuriani, lakini ukiingia duka la Waghana muulizie kuku mgumu, ni kuku wa mayai aliyestaafu, yuko kwenye friza, huyo mchemshe mpaka gesi iishe, supu yake ndo inakaribia kienyeji.

Sasa vitu ambavyo kwa kweli hamna, nisiwadanganye. Ndizi. Ndizi za kupika za Bukoba au Moshi, mtori wenyewe ule, labda London kwa Waganda wanaoagiza kwa ndege, na bei yake unaifikiria mara mbili. Kwingine kuna plantain, ambayo ni ndizi mzuzu, nzuri ya kukaanga lakini haipondeki ikawa mtori, na ndizi mbichi za kawaida ambazo ni zile za kuivisha zimewahiwa tu kabla hazijaiva, ukizipika zinakuwa na utelezi fulani wa ajabu. Mahindi ya kuchoma pia sahau, ya huku ni matamu kama yametiwa sukari na laini, yanafaa kuchemsha, ukiyachoma yanatoa maji, hayana ule ugumu wa kutafuna taratibu barabarani. Parachichi ndo linanichekesha, unasoma kibandiko limetoka Kenya au Tanzania, limesafiri baharini kuja kukutafuta, lakini ni lile dogo jeusi la biashara, siyo lile kubwa la kijani lililokuwa linaanguka nyuma ya nyumba tukawapa nguruwe. Na ubuyu! Umoja wa Ulaya uliuruhusu rasmi kuuzwa kama chakula mwaka 2008, sasa unga wake uko kwenye maduka ya watu wa afya, kipakiti kidogo kwa bei ya chakula cha siku nzima, na hata rangi hauna wala sukari hauna.

Kitu kingine mnachosahau kuuliza ni kwamba kupata chakula siyo kukipika. Nyumba za huku zina alamu ya moshi kwenye dari, na alamu haijui dagaa. Unawarusha dagaa kwenye mafuta ya moto, unageuka kuchukua nyanya, inaanza kulia, unapanda kiti unapepea na taulo, jirani wa juu anagonga sakafu, na harufu inakaa kwenye makoti ya watu wote waliotundika koridoni mpaka Jumatatu. Kama unaishi na wanafunzi wengine wa Kizungu au Kichina, pika dagaa wakiwa hawapo, fungua dirisha hata kama kuna barafu, na makoti yafungie chumbani kwanza. Halafu majiko. Siku hizi nyumba nyingi zina jiko la kioo, na baadhi ni yale ya induction ambayo sufuria ya alumini haipati moto kabisa, unaiweka jiko linakukodolea macho tu. Kwa hiyo binti, zile sufuria za mama usizibebe. Nunua huku sufuria ya chuma, nzito, na unaposonga ishike kwa mkono mmoja maana juu ya kioo inazunguka nawe, ugali unausonga huku unaifukuza.

Bei nayo isemwe. Mtu akikwambia huku anakula ugali na samaki kila siku muulize anaishi wapi. Kwa wa London, Birmingham au Leicester maduka yako mlangoni, lakini wapo wanaosoma vimiji vya huko pembeni, basi moja kwa saa, duka la karibu la Waafrika ni safari ya treni, na tiketi ya treni inazidi thamani ya mfuko mzima wa unga. Wengi wa hivyo wanaagiza mtandaoni, unalipia na usafiri, kwa hiyo wanaungana watatu wanne wanaagiza mzigo mmoja. Na hata mwenye maduka mlangoni, ukitoka shifti ya usiku saa moja asubuhi huwezi kuanza kuchambua mchicha. Unakula mkate. Sisemi kwa uchungu, ndo ratiba ilivyo, siku za kupika vizuri ni Jumapili, unapika maharage sufuria nzima unagawa kwenye vikopo unaweka friza, wiki inakwenda.

Kuhusu begi sasa, binti wa shangazi, hapa nakuandikia wewe. Nyama usibebe, iwe mbichi, ya kukaushwa, ya kuvuta moshi, wala kipande cha mshikaki, nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi kabisa, na maziwa ni pamoja na samli ya bibi, najua inauma, atakwambia ni chupa ndogo hawataiona, wataiona. Mboga mbichi na matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea na wewe cheti huna, kwa hiyo kisamvu kibichi kiache. Samaki wanaruhusiwa, mpaka kilo 20 kwa mtu, maana yake dagaa wa Mwanza waliokauka vizuri karibu sana, wafunge mifuko mitatu na mkanda juu la sivyo nguo zako zote zitaingia darasani zinanuka ziwa. Na mtu yeyote atakayekupa kifurushi uwanja wa ndege umletee binamu yake, kataa, hasa kama kina majani, miraa ni dawa ya kulevya kisheria hapa tangu 2014 na polisi hawatamuuliza binamu.

Beba mwiko, mzuri, wa mti mgumu, maana huku wanauza vijiko vya mbao vya kukorogea supu, ukisongea ugali kinakatika. Beba chujio la tui kama unalipenda lako. Beba karanga zilizosagwa za nyumbani, za huku nyingine zimetiwa sukari, na majani ya chai kidogo, siyo kwamba huku hakuna, chai ya Kenya imejaa kwenye vipakiti vyao, ila ni vumbi la kwenye mifuko, haichemki na maziwa ikatoa ile rangi. Sembe acha. Na kwenye hizo kilo kumi utakazookoa, mbili ni zangu, nitakutumia hela mapema: ubuyu wa Zanzibar, ule mwekundu wa kuchafua meno, na korosho, zisizo na chumvi.