Chesisi ya Land Rover imeoza nyuma: nibandike bati, nikate, au niuze?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nina Land Rover Series III fupi aliyoiacha marehemu baba hapa Wete, Pemba. Enzi zake ilibeba karafuu, na mara nyingi ikiteremka pwani maji yakitoka. Injini nzima, lakini chesisi imetoboka nyuma. Nikichokoa kwa bisibisi vinadondoka vipande. Fundi mmoja anataka kubandika bati juu kisha apake lami. Mwengine anasema niuze chuma chakavu. Wa tatu kanambia nimwage oili chafu ndani. Nifuate lipi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mungu amrehemu mzee. Gari usiiuze bado, na hilo bati la juu likatae kabisa.

Chesisi ya Series, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ni boksi: mabamba ya chuma ya kiasi cha milimita 2 yaliyochomelewa pamoja, katikati uwazi. Tope na maji ya chumvi huingia ndani yakakaa. Chumvi huvuta unyevu wa hewa hata siku ya jua kali, basi chuma hakikauki. Kutu inakula kutoka ndani kuja nje, na tundu unaloliona leo ni dalili ya mwisho. Ukiliziba kwa juu umeishonea kutu mfuko. Bodi nayo isikudanganye. Ni aluminiamu, haishiki kutu nyekundu, ndiyo maana gari inaweza kung'aa juu na chini imekwisha.

Chukua nyundo ndogo, ulale chini, ugonge chesisi nzima kidogo kidogo kutoka mbele hadi nyuma. Palipo pazima panalia. Palipooza sauti inazama na unga wa kutu unamwagika. Chora kwa choki. Kama uozo uko kwenye boriti ya nyuma ya chesisi, ile inayokatiza kulia kushoto, na mikono ya pembeni inayobeba bodi, gari inatengenezeka, na vipande hivyo vinauzwa tayari. Kama umefika kwenye vishikio vya springi pande zote mbili na kwenye miti mikuu yenyewe, zile boksi mbili ndefu za kutoka mbele hadi nyuma, viraka havitakusaidia. Uingereza bado wanatengeneza chesisi mpya za gari hizi, zimechovywa kwenye zinki ya moto. Piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla hujakata chochote. Na angalia namba ya chesisi: imegongwa mbele kulia, kwenye kishikio cha springi. Hapo pasikatwe wala kusagwa.

Tuseme inatengenezeka. Kabla ya mashine ya kuchomelea, kazi kubwa ni maji. Ingiza mpira wa maji ndani ya boksi, ukoroge tope kwa waya, osha kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, mpaka yatoke meupe, uiache ikauke, kisha uoshe tena. Mafundi wengi hapa visiwani wanairuka hatua hii, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu chumvi iliyobaki chini ya rangi inaendelea kula chuma kimya kimya. Brashi ya waya inaondoa kutu, haiondoi chumvi.

Halafu kata. Usikate kwa kufuata tundu, kata mpaka ufike kwenye chuma cheupe kinene, hata kama kiraka kitakuwa kikubwa mara tatu ya ulivyotarajia. Kabla ya grenda kugusa, chomelea vyuma vya muda vya kushikilia umbo, na upime mshazari kwa mshazari, kulia na kushoto. Chesisi ikijipinda hata kidogo, gari itakwenda upande. Vuta waya za betri na za alteneta, tangi la petroli litoke kabisa, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Kiraka kiwe chuma cheusi, kisicho na zinki, cha milimita 2 au 3, pembe zake ziwe za mviringo. Bati la paa lisitumike: ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua moshi wake unamlaza fundi kwa homa. Mashine ya kuchomelea ya waya (MIG) ndiyo bora. Ukiwa na ya rodi tu, tafuta rodi nyembamba, moto uwe mdogo, uchomelee vipande vifupi vya sentimita mbili tatu, ukihama upande mmoja hadi mwengine ili joto lisikusanyike. Puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi, isiguse chesisi, kwa kuwa haibebi mzigo.

Rangi ya kwanza yenye zinki ipake siku ile ile, chuma kingali kikavu. Ukikiacha usiku kucha na upepo wa bahari, asubuhi kimeshabadilika. Kazi hii usiifanye wakati wa masika. Ndani ya boksi puliza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu, na matundu ya kutolea maji yabaki wazi.

Oili chafu iache. Inadondoka ardhini, na maji ya visima tunayokunywa yanatoka humo humo. Pia siku utakapotaka kuchomelea tena itawaka moto ndani ya boksi, mahali usipoweza kufika kuuzima.

Gari ikishuka tena pwani, ioshe chini jioni ile ile kwa maji baridi, na mpira uingie mpaka ndani ya chesisi.