Oldham Tinkers ni kina nani, na hicho wanachoimba ni Kiingereza gani?

SWALI: Habari zenu wa gazeti. Mzee wangu marehemu alikuwa fundi mashine kwa kiwanda cha nguo hapa Jinja na alituachia boksi la santuri, nyingi ni rumba za Kongo lakini moja ni ya Wazungu wanaitwa The Oldham Tinkers. Juzi tukapata jamaa mwenye gramafoni bado inafanya kazi, tukaiweka, banange hatukushika kitu. Kaka yangu ni ticha wa Kiingereza na yeye pia alishindwa. Hiyo ni Kiingereza kweli ama lugha ingine? Na hao watu ni kina nani?
Msomaji, Walukuba, Jinja

JIBU: Ni Kiingereza ndugu yangu, Kiingereza kabisa, ila ni kile cha Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, na ticha asijisikie vibaya maana hata mtu wa London ukimwekea hiyo sahani ataomba uirudishe mwanzo.

Oldham ni mji uko kwenye vilima hapo karibu na Manchester, na kazi yake ilikuwa moja tu, kusokota uzi wa pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 hakukuwa na mji duniani unaosokota pamba kuishinda Oldham, viwanda vilipita 300 na mabomba ya moshi yalisimama kila upande unaotazama. Sasa utajiuliza pamba ilitoka wapi wakati kule kwenye baridi haioti hata mche mmoja, na hapo ndio hii hadithi inaingia mpaka kwenu Busoga. Kwanza ilikuwa inatoka Marekani. Mwaka 1861 Wamarekani wakaanza vita vya wenyewe kwa wenyewe, manowari za kaskazini zikafunga bandari za kusini, pamba ikakatika, na Lancashire nzima ikakaa bila kazi na bila chakula, kile kipindi mpaka 1865 wao wanakiita njaa ya pamba. Wenye viwanda hawakusahau ile shida. Mwaka 1902 wakaanzisha pale Manchester chama cha kulimisha pamba kwenye makoloni, British Cotton Growing Association, na mwaka 1903 mbegu zikaletwa Uganda na Kristen Borup wa CMS, misheni ya kanisa la Kianglikana, haikuchukua muda pamba ikashika Buganda na Busoga, na mwaka 1912 ikajengwa reli kutoka Jinja kwenda Namasagali kwa ajili ya kubeba marobota. Baadaye sana, baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa 1954, Jinja yenyewe ikawa na kiwanda kikubwa cha nguo, Nytil, na walioshika mkono kukianzisha ni kampuni ya huko huko Manchester, Calico Printers' Association. Kwa hiyo santuri ya Oldham kukutwa Walukuba mimi hainishangazi, hiyo barabara ya pamba ilikuwa inapitisha vitu pande zote mbili.

Sasa hao Tinkers wenyewe. Ni watatu, John Howarth, Gerry Kearns na Larry Kearns, vijana wa Oldham walioanza kuimba pamoja miaka ya 1960. Kumbuka ule wakati vijana wa Uingereza walikuwa wamelewa nyimbo za Marekani, kila mwenye gitaa anaimba treni za Marekani na magereza ya Marekani kwa sauti ya kuigiza Mmarekani. Kukawa na watu waliochoka na hiyo mambo. Mwimbaji Ewan MacColl, mtoto wa Salford, hapo hapo kwa jirani, kwenye klabu yake London akaweka sheria kwamba ukipanda jukwaani imba nyimbo za kwenu kwa lugha ya kwenu, wengine walimchukia kwa hilo na mimi naona alikuwa mkali kupita kiasi, lakini matunda yake yalionekana. Kule Manchester mwimbaji Harry Boardman naye akawa anachimba nyimbo za wafuma nguo na kuzirudisha kwa watu. Ndani ya upepo huo ndio Tinkers wakatokea, na kampuni ya santuri ya Topic, ile iliyozaliwa 1939 ndani ya chama cha muziki cha wafanyakazi, ikawarekodi, sahani zao nyingi ni za miaka ya 1970.

Kinachonifanya niwapende ni kwamba hawakunyoosha ulimi. Wangeweza kabisa kuimba kwa Kiingereza cha redio wakauza mpaka London, hawakufanya hivyo, waliimba vile vile mtu wa Oldham anaongea akiwa dukani kwake, sauti tatu zimepandana, banjo na gitaa nyuma. Na hawakuchukua nyimbo za wakubwa peke yake, waliokota pia zile nyimbo za watoto wa mtaani, za kuruka kamba na za kutaniana, ambazo hakuna profesa alikuwa anaona zina maana. Kwangu mimi hiyo ndio kazi yao kubwa kuliko zote, maana wimbo wa mtu mzima unaweza kuandikwa kitabuni lakini wimbo wa mtoto ukipita kizazi kimoja bila kuimbwa ndio umeenda.

Ukitaka kuzifuata nyimbo za watu wa pande hizo lazima ujue kidogo maisha yao. Asubuhi kabla ya jua kulikuwa na mtu anapita mtaani na fimbo ndefu anagonga vioo vya madirisha ya juu kuamsha wafanyakazi, analipwa senti zake kila wiki. Halafu unasikia viatu, soli ya mbao yenye chuma chini kama kwato, mamia ya miguu kwenye mawe ya barabara. Miji ya jirani kama Burnley na Blackburn ilikuwa zaidi ya kufuma, na ndani ya yale mabanda mitambo ilipiga kelele mpaka mtu hasikii sauti yake mwenyewe, kwa hiyo wanawake wakatengeneza namna ya kuongea bila sauti, mdomo unafunguka wote, kila herufi inaonekana, mikono inasaidia, na mwenzako yuko mitambo kumi mbali anasoma kila kitu na anakujibu. Waliita mee-maw. Hata wakirudi nyumbani hawakuacha, wanasengenya kutoka mlango hadi mlango barabara nzima na husikii hata neno. Na mara moja kwa mwaka mji mzima unafunga viwanda kwa wakati mmoja, watu wote na watoto wao wanapanda treni kwenda Blackpool kuona bahari. Watu wanaoishi hivyo, kazi moja, likizo moja, mtaa mmoja, lazima watakuwa na lugha yao.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Nimesikia hizo nyimbo na kwa heshima zote naona ni Kiingereza kibovu, wanasema tha badala ya you, wanakata the inabaki t tu. Tukiwasikilizisha watoto si tutawaharibu? Tayari tunapigana na Kiingereza chao cha mtaani.
Mwalimu, Kisenyi, Kampala

JIBU: Mwalimu, nakuheshimu lakini hapa nitakupinga mpaka mwisho.

Chukua hiyo tha. Zamani Kiingereza kilikuwa na neno la mtu mmoja na neno la watu wengi, kama sisi na wewe na ninyi, na neno la mtu mmoja lilikuwa thou. Kiingereza cha shule kikalitupa, sasa you ni mmoja na you ni kumi. Lancashire hawakulitupa, likaendelea kuishi mdomoni mwao kama tha na thee. Kwa hiyo pale anayeonekana kakosea ndiye ameshika cha zamani. Watoto wanawaita childer, na hiyo pia ni ya kale. Home kwao ni whoam, man ni mon, old ni owd, ndio maana mji wenyewe wazee wanauita Owdham. Mwenye njaa kali wanasema clemmed. Ile the inayokatwa nayo inafuata kanuni, haikatwi ovyo, mtu wa pale anajua inakatwa wapi na anajua mgeni akiikata vibaya. Hicho unachoita sahihi ni lahaja ya upande wa London na kusini mashariki iliyobahatika kukaa karibu na mfalme na mitambo ya kuchapa vitabu.

Tena ina maandishi yake, mwalimu, usidhani ni porojo za barabarani. Wakati wa ile njaa ya pamba kulikuwa na mfumaji anaitwa Samuel Laycock, mji wa Stalybridge, hapo jirani na Oldham, mwaka 1862 akakosa kazi kama maelfu ya wenzake. Akaanza kuandika mashairi kwa lugha hiyo hiyo unayoiita mbovu, wasio na kazi wanayatia sauti na kuyaimba barabarani wapewe senti. Lipo moja baba anaongea na mtoto wake aliyezaliwa juzi, anamwita ndege wake mdogo mzuri, anamkaribisha na wakati huo huo anamwambia umekuja wakati mbaya, nyumba haina kitu, lakini hatukutupi. Nimelisoma mara nyingi na kila mara linanishika. Jaribu kuliandika kwa Kiingereza cha barua ya ofisini, hakuna kitu kitabaki, kwa sababu yule baba hakuwa anaongea hivyo na mtoto wake.

Na sisi Waganda wa Kiswahili ndio tungekuwa wa mwisho kucheka watu wa namna hii. Kila siku tunachekwa. Mkenya anatucheka, Mtanzania anatucheka zaidi, eti Kiswahili cha Uganda ni cha askari na cha soko. Ndio, kilikaa kambini, kilikaa polisi, kilikaa kwenye quarters za viwanda pale Jinja ambapo Mluo, Mlugbara, Msoga na Mnyarwanda walikuwa majirani ukuta kwa ukuta na ilibidi waelewane kabla kengele ya zamu haijalia. Kiliwafanyia kazi hiyo. Sasa tangu 2022 baraza la mawaziri lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni, naona watu wanakimbilia kile cha vitabu vya Dar, na kukijua ni vizuri, mimi mwenyewe nakitaka watoto wangu wakijue, ila wasifundishwe kwamba babu yao aliyeongea cha Walukuba alikuwa hajui kuongea.

Kwa hiyo wasikilizishe tu. Waambie hiki cha mtihani, hiki cha watu wa Oldham, watoto wana akili, hawachanganyi. Wale wa Lancashire nao walikuwa wanachapwa shuleni kwa kuongea hivyo, jioni wanarudi kucheza na lugha yao.

SWALI: Wale Tinkers bado nyimbo zao zinapatikana? Na babu yangu alichimba shaba Kilembe, ana nyimbo za kazi za Kiswahili changanya Lukonzo na lugha zingine sijui, hakuna mtu ameziandika. Anaanza kusahau. Nifanye nini?
Mjukuu, Kasese

JIBU: Zinapatikana, ukitafuta jina lao kwa intaneti zinakuja, na ukizipenda tafuta pia Houghton Weavers wa Westhoughton, hao pia ni wa Lancashire lakini wachangamfu zaidi. Viwanda ndio havipo tena, vingi vimebomolewa na vingine vimegeuka stoo na makazi, na Oldham yenyewe tangu 1974 serikali iliitoa Lancashire kwa karatasi ikaitia kwenye mkoa mpya wa Greater Manchester. Kwenye hizo sahani bado ni Lancashire.

Kwa babu usingoje mtu wa chuo kikuu aje. Simu yako inatosha, iweke kwenye airplane mode isije ikalia katikati, iweke karibu na mdomo wake juu ya kitambaa, sio juu ya meza kavu maana kila akigonga itaingia. Usimwambie imba wimbo huu, wazee wengi wakiambiwa imba wanakauka. Muulize kazi ilikuwaje, nani alikuwa anaongoza, walikuwa wanasukuma nini, mikono ilikuwa inaenda vipi, utaona wimbo unakuja wenyewe, na ukija usimkatize hata kama amekosea ubeti, ataurudia. Kama bado kuna mzee mwenzake wa mgodi walete wote wawili pamoja, mmoja atamkumbusha mwingine na watabishana, hayo mabishano ndio ya kurekodi zaidi ya nyimbo zenyewe. Usisahihishe Kiswahili chake. Unapoandika maneno andika vile alivyosema, akisema iko andika iko, na neno la Lukonzo likiingia liache hapo hapo. Mwanzo wa kila rekodi taja kwa sauti jina lake, tarehe na mahali, maana baada ya miaka michache faili linabaki na namba tu. Halafu tunza kopi mbili sehemu tofauti, na moja umpe binamu yako yule anayetunza vitu vizuri. Na anza na zile nyimbo alizoimba akiwa mtoto, kabla hata ya mgodi, hizo ndio hakuna mwingine anazo.