Kisogo cha mtoto kubonyea upande mmoja

Hongera ya mtoto, mama. Umeuliza kama mwanao wa miezi 4, aliyebonyea kisogo upande wa kulia, avalishwe kofia ya tiba, yaani kofia ngumu ya kurekebisha umbo la kichwa. Mara nyingi haihitajiki. Fuvu lake bado laini, akililalia sehemu moja muda mrefu linakuwa bapa. Ubongo haudhuriki kwa hilo.

Mimi ningeanza na shingo. Akiwa amelala chali, mwite kutoka kushoto. Akifuatisha macho tu huku kidevu kimebaki kulia, huenda msuli wa shingo umekaza, na hapo anayehitajika ni mtaalamu wa fiziotherapia. Ubapa hautaisha vizuri kama shingo haigeuki.

Usingizi ubaki wa chali, bila mto, hata ile inayouzwa eti ya kurekebisha kichwa. Inaweza kumziba pumzi. Mchana akiwa macho, mlaze kifudifudi mbele yako, dakika chache mara nyingi. Akilia, kifuani kwako pia inahesabika. Kitandani mgeuze ili anachopenda kutazama kiwe kushoto.

Ila usingoje kumwona daktari wa watoto ukipapasa tuta gumu kwenye fuvu, au kama umbo hilo alizaliwa nalo na linazidi. Mishono ya fuvu, yaani maungio ya mifupa yake, ikiungana mapema mno, kwa kawaida tiba ni upasuaji. Kofia ya tiba nayo huvaliwa kama saa 23 kwa siku, na huanzishwa kabla ya mwaka 1. Kwa ubapa mdogo nisingeigharamia.