Hewa hupoa au hupozwa?

SWALI: Mwanafunzi wangu ameandika: "Hewa yenye joto ikipanda hupozwa na baridi ya juu, kisha mvuke wake huganda na kuwa mawingu." Mwenzangu wa jiografia anasema sentensi hii ina makosa mawili. Mimi wa Kiswahili sioni hata moja. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Mwalimu, nyote wawili mna hoja. Sarufi ni safi, ila vitenzi viwili vinasema jambo lisilotokea.

Tuanze na "hupozwa". Kutoka poa tunapata poza, na kutoka poza tunapata pozwa. Kitu kikipozwa, pana mpozaji, na mwanafunzi amemtaja waziwazi: baridi ya juu. Hapo ndipo alipoteleza. Hewa inayopanda haipoi hasa kwa sababu ya kunyang'anywa joto na hewa inayoikuta huko. Kadiri inavyopanda, mgandamizo unaoizunguka hupungua, nayo hutanuka. Kutanuka huko kunahitaji nishati, na nishati hiyo hutoka katika joto la hewa yenyewe. Ndiyo maana hewa ambayo bado haijafanya wingu hupoteza takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita 1 inayopanda. Bonyeza valvu ya tairi lililojaa, kisha kinga kidole: upepo unaotoka ni wa baridi, ilhali mle ndani hamkuwa na kitu chochote cha baridi. Kwa hiyo andika hupoa, kitenzi kisichodai mtendaji wa nje. Kwangu hili ndilo kosa kubwa, kwa sababu viambishi viwili tu, -z- na -w-, vimebadilisha chanzo cha jambo zima.

"Huganda" nako kuna tatizo. Damu huganda, mafuta huganda, maji huganda yakawa barafu: kilichokuwa majimaji kinakuwa kigumu. Mvuke si majimaji. Ni gesi, tena hauonekani kwa macho. Hewa ikishapoa vya kutosha, mvuke hujishika kwenye chembe za vumbi, moshi au chumvi ya bahari na kugeuka vitone vya maji, vingi vyao vikiwa na upana wa takriban milimita 0.02 tu. Vitone hivyo vinaweza kubaki maji hata chini ya nyuzi sifuri. Tena mvuke unapogeuka maji hutoa joto, na kuanzia hapo hewa huendelea kupoa, lakini kwa kasi ndogo zaidi.

Hata hivyo, usimkataze mwanafunzi neno ganda moja kwa moja. Yale mawingu membamba kama nyuzi, yanayokaa juu sana, ni chembe za barafu, na vitone vinavyofika huko huganda kwelikweli.

Ningeisahihisha hivi: "Hewa yenye joto ikipanda hutanuka na kupoa, kisha mvuke wake hugeuka vitone vinavyofanya wingu." Alama za sarufi mpe zote, za maelezo, msikilize mwenzako.